Malindi: baiskeli kuukuu si chuma chakavu, tupewe mahali pa kuegesha

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Katika mji huu, ambamo watu huamka alfajiri wakapanda baiskeli kutoka Maweni, Muyeye, Kisumu Ndogo na hata Ganda kwenda kazini, sokoni na pwani kununua samaki, ni nadra mno kuona ofisi ya umma, benki au duka kubwa lililotenga hata pembe moja ambapo mtu anaweza kuegesha baiskeli na kuifunga kwa kufuli. Magari yamechorewa mistari, pikipiki zina steji zake na tuktuk zina zake, lakini mwenye baiskeli huambiwa aitoe. Baiskeli yenyewe ikiwa ya zamani, haambiwi hata kwa adabu.

Juzi nilikwenda katika ofisi moja ya umma hapa mjini, ambayo sitaitaja, kwa shughuli ya karatasi za shamba. Nilikwenda na Raleigh yangu nyeusi, ile ya magurudumu ya inchi 28 na breki za fito, ambayo niliinunua kutoka kwa mzee mmoja wa Mambrui na ambayo ndiyo usafiri wangu wa kila siku. Nikaisimamisha kwa stendi yake kando ya ukuta, mahali ambapo haimzuii mtu kupita, nikafunga gurudumu la nyuma. Askari wa lango akanijia na kuniambia, "Mzee, hicho chuma kitoe hapa, kuna wageni wanakuja." Nikamjibu, "Mwanangu, hiki ndicho kilichonileta, na mimi nami nina haja katika ofisi hii." Akanyamaza, nikadhani tumeelewana. Nilipotoka niliikuta nje ya uzio, imebebwa ikiwa imefungwa vilevile na kutupwa juu ya lundo la mabati yaliyooza na vitanda vibovu, usukani umegeuka upande na ufito wa breki ya mbele umepinda.

Kwa wasiozifahamu breki hizi, naomba mnivumilie nieleze, kwa sababu uharibifu huo si mdogo kama unavyosikika. Breki ya fito haina waya. Ukibana mkono wa breki, unavuta ufito wa chuma unaopita chini ya usukani, nao unavuta ufito mwingine ulioshuka mbele hadi kwenye kishikio chenye umbo la U, na kishikio hicho hupandisha raba mbili zikabana rimu upande wake wa ndani, ule unaotazama katikati ya gurudumu. Nafasi iliyopo kati ya raba na rimu ni ndogo sana, kwa hiyo ufito ukipinda kidogo tu, raba moja hukwaruza wakati wote na ya pili haigusi kabisa. Baiskeli ya namna hii ina uzito unaokaribia kilo 20 kabla hujaweka mzigo wala mtu juu yake, na kuiendesha katikati ya tuktuk ikiwa breki ya mbele inashika upande mmoja ni kuhatarisha maisha. Fundi wangu aliutoa ufito, akaulaza juu ya fuawe na kuugonga polepole kwa nyundo, akiuinua kila mara usawa wa jicho ili aone kama umenyooka. Mwishowe akaniambia, "Mzee wangu, chuma kikishavunjika kiuno hukunjika tena palepale. Huu utakusogeza tu, tafuta mwingine." Nimezunguka madukani, na fito nilizopata ni fupi au ni nene, hazikai. Sasa nategemea kupata baiskeli iliyokufa ambayo fremu imekatika lakini fito zake ni nzima.

Nilirudi katika ofisi ile kulalamika kwa utaratibu, nikaonyeshwa kibao ukutani kinachosema kwamba kila mwenye chombo anakiegesha kwa dhima yake mwenyewe. Hoja hiyo haisimami. Dhima ni yangu pale baiskeli inapokuwa mahali nilipoiacha mimi. Mtu wa ofisi akiinyanyua, akaitoa nje ya uzio na kuitupa kwenye taka, dhima imehama pamoja naye. Gari la mtu likiegeshwa vibaya, mwenyewe hutafutwa na kuombwa alisogeze. Kwa nini mimi sikuitwa, hali nilikuwa nimeketi ndani kwenye benchi, hatua chache kutoka mlangoni?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba baiskeli ya mgeni haitendewi hivyo. Mtalii anayekuja na baiskeli ya kukodi, yenye rangi ya kung'aa na giya nyingi, hufunguliwa lango, na baiskeli yake huwekwa kivulini na kuangaliwa. Sina kinyongo na wageni, na ninafurahi kuona kwamba heshima ya baiskeli inawezekana katika mji huu. Nataka heshima hiyohiyo impate mwuza mikate wa asubuhi, mbeba madumu ya maji, na kijana anayetoka kazi ya usiku hotelini.

Wapo watakaoniambia ninunue pikipiki au angalau baiskeli mpya. Nimeichagua hii kwa akili timamu. Malindi ni mji tambarare, hauhitaji giya. Fremu ya Raleigh za aina hii, zilizotengenezwa Nottingham na kuigwa India na China kwa miongo mingi, imelazwa nyuma kuliko ya baiskeli za siku hizi, na pamoja na gurudumu kubwa na tandiko la springi humeza mashimo ya barabara bila kumvunja mtu mgongo. Ni ya chuma, kwa hiyo ikikatika mchomeleaji yeyote wa jua kali anaiunga. Yangu ina kifuniko kinachouficha mnyororo wote, na mtu aliyeishi kando ya bahari anajua faida yake, kwani mchanga na chumvi ndivyo vinavyoua baiskeli hapa, hasa upepo wa kusi unapovuma na kila kilicho wazi kikashika kutu. Chombo hiki kimevumilia yote hayo kwa kupanguswa na kutiwa mafuta, kisha kikaja kuvunjwa na mtu aliyekiona kibaya.

Tena kuna hatari nyingine ambayo wenye ofisi hawaifikirii. Baiskeli kuukuu iliyolala juu ya lundo la mabati kando ya njia, mpita njia ataihesabu kuwa ni ya kuuzwa kwa kilo. Nchi hii ya Kenya ina sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni, na Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, kabla ya kuruhusiwa tena Mei mwaka huohuo. Ikiwa hata vyuma vya nguzo za umeme viliishia kwenye mizani, baiskeli yangu ingesalimika vipi? Ningechelewa ndani kidogo tu, leo ningekuwa natembea kwa miguu.

Ninachotaka si kitu kikubwa wala cha gharama. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka masuala ya usafiri wa kaunti, pamoja na maegesho, mikononi mwa serikali za kaunti, na haikusema kwamba maegesho ni ya magari peke yake. Katika nafasi ya gari moja zinaenea baiskeli zisizopungua 8. Kinachohitajika ni mabomba ya chuma yaliyokunjwa kama herufi ya U iliyopinduliwa, yakazikwa ndani ya saruji, yakiachana kiasi cha mita moja, ili mtu aegemeze baiskeli na kufunga fremu na gurudumu kwa pamoja. Wachomeleaji wa hapa Malindi wanaweza kuyatengeneza, mradi yapakwe zinki, maana rangi ya kawaida haidumu kwa hewa ya bahari. Na tafadhali, tusiletewe vile vyuma vifupi vinavyobana gurudumu la mbele tu. Baiskeli nzito yenye mzigo kwenye keria ikiyumba ndani ya chuma kile, rimu hupinda na spoki hukatika, na mwizi naye humwachia mwenyewe gurudumu akaondoka na kilichobaki. (Suala la kingo za barabara ya Lamu, ambako tunasukumwa hadi mchangani, nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa linastahili uzi wake.)

Wakati hayo yanasubiriwa, askari wa malango wanaweza kupewa agizo moja leo hii: baiskeli ya mtu isiguswe kabla mwenyewe hajaitwa. Agizo hilo halihitaji bajeti wala kikao.

Ninaandika barua mbili. Ya kwanza naipeleka kwa ofisi husika kudai gharama ya ufito na kazi ya fundi, pamoja na kuombwa radhi. Ya pili nataka iwe yetu sote, ipelekwe kwa wanaosimamia maegesho ya mji. Yeyote ambaye baiskeli yake imetolewa, imetupwa, imeharibiwa au imeibiwa mbele ya ofisi, benki, hospitali au duka hapa Malindi, aandike chini ya uzi huu ilikuwa mtaa gani, lini, na aliambiwa nini. Majina ya walinzi siyataki, kwa sababu wao hutekeleza walichoamrishwa. Walio na picha waziweke, na fundi yeyote mwenye ufito wa mbele wa Raleigh ya inchi 28 ulio mzima anijulishe kupitia ujumbe wa faragha.