Mwenzetu anahama chuo na faili zote za idara ziko kwenye akaunti yake. Naombeni ushauri

Mwalimu_wa_Elgon (Mbale)

Ndugu zangu, habari za kazi. Nafundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha ualimu huku mashariki mwa Uganda, na tangu muhula huu nimekabidhiwa kusimamia faili za idara. Naomba ushauri mapema kwa sababu muhula unakaribia kuisha.

Faili zetu zote ziko kwenye Google Drive: mihtasari ya masomo, maazimio ya kazi, alama za majaribio, ripoti za mazoezi ya kufundisha, hadi rasimu za mitihani ya ndani. Folda kuu ilifunguliwa na mwalimu mwenzetu kwa Gmail yake binafsi, enzi ambazo chuo hakikuwa na imeili zake chenyewe. Sasa amepata kazi chuo kingine. Tunaelewana naye vizuri na yuko tayari kusaidia, lakini akiondoka, kila kitu cha idara kinabaki mikononi mwa mtu ambaye si wa idara tena.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Folda hiyo imewekwa "mtu yeyote aliye na kiungo", tena kwa haki ya Mhariri. Linki imeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi. Hivi karibuni safu nzima ya alama ilifutwa kwenye jedwali la mwaka wa pili, na historia ya matoleo haikuonyesha jina la mtu. Tuliweza kurudisha toleo la awali kwa sababu mwenzetu aliliona siku hiyohiyo.

Tunao pia walimu wa muda wanaotumia Gmail zao, na wanafunzi wananitumia maombi ya ruhusa usiku na mchana. Chuo tayari kina akaunti za Google za taasisi, ila walimu wengi bado hawajazizoea.

Nianzie wapi? Nimwombe anihamishie umiliki, au ninakili kila kitu?

---

Binti_wa_Jinja

Mwalimu, kabla ya mambo ya umiliki, funga hiyo linki leo. Lakini usiifunge kabla ya kuwaongeza walimu wenzako kwa imeili zao, maana walioingia kwa linki tu watatupwa nje wote na utapigiwa simu mpaka usiku wa manane. Waongeze kwanza, kisha badilisha folda iwe ya walioongezwa pekee.

Ukishafunga folda, ingia ndani uangalie. Kuna faili ambazo mtu alizifungulia linki zenyewe moja moja, na hizo zinaweza kubaki wazi. Anza na majedwali ya alama.

---

Fundi_Mitandao_Kla (Kampala)

Mwalimu wa Elgon, nafanya kazi ya mifumo ya kompyuta katika vyuo, na swali lako nakutana nalo kila mwisho wa mwaka. Nikueleze kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama.

Umiliki kwenye Drive unakwenda faili kwa faili. Mwenzako akihamisha umiliki wa folda, faili zilizomo ndani hazihami nayo, zinabaki kwa aliyeziunda. Na kumbuka kwamba walimu wengine nao wamekuwa wakiunda faili humo, kwa hiyo huenda folda moja ina wamiliki wanane. Kwenye sehemu ya kutafuta unaweza kuchuja kwa mmiliki. Fanya hivyo kwanza ujue kipi ni cha nani.

Pili, umiliki hauhamishwi kutoka Gmail binafsi kwenda akaunti ya taasisi. Anaweza kumhamishia mtu mwingine mwenye Gmail binafsi, naye akakubali, lakini hapo utakuwa umeutoa mzigo begani kwa mtu mmoja ukautwika mwingine. Wewe nawe utahama siku moja, au utastaafu.

Kwa hiyo kwa hali yenu jibu ni kunakili, na kunakili kwenyewe kufanyike kutoka akaunti ya chuo. Mwombe msimamizi wa akaunti za chuo awafungulie hifadhi ya pamoja ya idara. Hifadhi ya pamoja ni tofauti na folda iliyoshirikiwa: faili zilizomo ni mali ya taasisi, hazina mtu mmoja mwenye nazo. Mwalimu akiondoka na akaunti yake ikafutwa, faili zinabaki palepale. Kwa Gmail binafsi huwezi kuianzisha, ila mtu wa nje mwenye Gmail anaweza kuongezwa kama mjumbe iwapo msimamizi ameruhusu. Hiyo inawasaidia walimu wenu wa muda.

Angalieni mambo mawili wakati wa kunakili. Nakala mpya haibebi historia ya matoleo ya zamani. Kama kuna jedwali la alama lenye mgogoro, msifute la asili mpaka mgogoro uishe. Na mkishusha folda nzima kwa mkupuo, hati za Google zinageuka kuwa za Word na Excel, mpangilio mwingine unavurugika. Kwa hati muhimu ni afadhali kunakili ndani ya Drive, hata kama ni kazi ya jioni kadhaa.

Kuhusu ngazi za haki: mkiongeza mtu kwenye hifadhi ya pamoja, mfumo unampa moja kwa moja cheo cha Msimamizi wa maudhui, yaani anaweza kuhamisha na kufuta. Kibadilisheni. Walimu wa kawaida wawe Wachangiaji: wanaongeza faili na kuhariri, lakini hawafuti wala hawahamishi. Wasimamizi kamili wawe wawili, wewe na mkuu wa idara. Akiwa mmoja tu, akiugua mnakwama.

---

Mto_Naili

Mbona mnazunguka sana? Fungueni akaunti moja ya idara, walimu wote wapewe nenosiri. Akihama mtu, mnabadilisha nenosiri. Sisi tunafanya hivyo na kazi inakwenda.

---

Fundi_Mitandao_Kla

@Mto_Naili nakuelewa ndugu yangu, ni njia rahisi kuanza nayo. Lakini alama zikibadilishwa, historia itaonyesha jina la akaunti ya idara, na hapo walimu wote kumi wanakuwa washukiwa. Vilevile msimbo wa uthibitisho wa hatua ya pili unatumwa kwenye simu ya mtu mmoja. Akiwa Karamoja kukagua wanafunzi wa mazoezi, hakuna anayeingia. Na mkiuondoa huo uthibitisho ili kuepuka usumbufu, mmeacha nenosiri peke yake lilinde alama za wanafunzi, nalo linajulikana na watu kumi pamoja na kila waliyemwambia.

---

Mtunza_Rekodi

Habari mwalimu. Mimi niko upande wa masjala ya wanafunzi, na nataka kuongeza jambo ambalo walimu husahau.

Uganda tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 na kanuni zake za mwaka 2021, na ipo Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi inayoisimamia. Alama zenye jina au namba ya usajili ya mwanafunzi ni data binafsi. Sheria inamtaka anayeshika data hizo aweke hatua za kiusalama, na akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu asiyeruhusiwa amezifikia, atoe taarifa mara moja kwa mamlaka. Kwa hiyo tukio lile la safu kufutwa halipaswi kuishia idarani. Mwandikie mkuu wa chuo: lini liligunduliwa, faili ipi, mlifanya nini. Chuo ndicho kitakachoamua kutoa taarifa, lakini hakiwezi kuamua kwa jambo kisilolijua.

Nimeona wanafunzi wakipoteza imani na chuo kwa sababu alama za wote zilibandikwa kwenye grupu la WhatsApp. Binti aliyepata alama 31 ana haki ya kuambiwa peke yake.

---

Mwalimu_wa_Elgon

Mwebale nnyo, kwa kweli sikutegemea majibu ya namna hii. Linki nimeifunga baada ya kuwaongeza walimu, kama alivyosema dada wa Jinja. Barua kwa mkuu wa chuo naiandika leo.

Maswali mawili. Rasimu za mitihani nazo ziingie kwenye hiyo hifadhi ya pamoja? Na wanafunzi je, maana notisi za masomo wanazihitaji kweli?

---

Fundi_Mitandao_Kla

Mitihani hapana. Kwa kawaida mjumbe wa hifadhi ya pamoja anaona vyote vilivyomo kwa ngazi aliyopewa, ndiyo sababu ukiweka folda ya mitihani humo umewaonyesha walimu wote, wa muda na wa kudumu. Fungueni hifadhi nyingine ya mitihani yenye watu watatu: mtunzi, msahihishaji na mkuu wa idara. Mtihani ukishafanyika, ondoeni wasiohitajika. Na kizuizi cha Drive cha kupakua na kuchapa kisiwadanganye, kwa sababu mtu anaweza kupiga picha kioo kwa simu yake.

Swali la wanafunzi nawaachia walimu.

---

Mwl_Pwani (Mombasa)

Naingia hapa nikiwa jirani yenu. Usigawe ruhusa kwa mwanafunzi mmoja mmoja, mwalimu, utachoka na hutamaliza. Mwombe msimamizi akufungulie kundi la imeili kwa kila mwaka wa masomo, kisha folda ya notisi uishirikishe kundi, kwa haki ya Mtazamaji. Mwanafunzi akijiunga unamwongeza kundini mara moja, na folda zote za kundi hilo zinafunguka kwake. Akihitimu unamtoa kundini na zinafungwa. Fanya vivyo hivyo kwa walimu wa muda.

Folda ya wanafunzi ikae peke yake kabisa. Usiiweke ndani ya folda ya walimu wala usiweke ya walimu ndani yake, kwa sababu kwa kawaida ruhusa ya folda ya juu inashuka hadi kwenye folda zote za chini. Mtu akidondosha jedwali la alama humo kwa haraka, wanafunzi wote wameliona.

Kama mnatumia Google Classroom, hata hilo la kundi linapungua, kwa sababu unapoambatisha faili unachagua kama wanafunzi waitazame tu au kila mmoja apate nakala yake ya kufanyia kazi. Mimi napenda nakala kwa mazoezi ya insha. Kila mtoto anaandika kwenye yake, nami naona nani ameanza na nani bado.

---

Kaka_wa_Arua

Tusisahau wenzetu wasio na mtandao wa uhakika. Hapa kwetu umeme ukikatika na bando likiisha, wingu lote, yaani faili zilizo mtandaoni, halina faida. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na waliokuwa na faili kwenye Drive tu walikaa wakisubiri. Drive ina uwezo wa kufanya kazi nje ya mtandao, lakini lazima uuwashe mapema ukiwa bado una mtandao, tena kwenye kompyuta yako mwenyewe, si ya maabara ya wanafunzi. Mihtasari na maazimio ya muhula, wekeni pia kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini ofisini.

Na hiyo kazi ya kunakili msiifanye kwa bando la simu. Kama chuo chenu kimeunganishwa na RENU, ule mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, tumieni eduroam, yaani Wi-Fi ya vyuo, mkiwa chuoni.

---

Mwalimu_wa_Elgon

Narudi na taarifa. Msimamizi ametufungulia hifadhi mbili, ya idara na ya mitihani. Mwenzetu anayehama amekaa nami jioni mbili tukanakili pamoja: yeye anaonyesha ipi ni ya mwisho na ipi ni rasimu ya zamani, mimi nanakili kwa akaunti ya chuo. Bila yeye nisingejua, kwa sababu kulikuwa na faili nyingi zinazoitwa "alama mpya" na nyingine "alama mpya kabisa". Amekubali kuiacha folda ya zamani kwa Watazamaji hadi mwisho wa muhula ujao, kisha aifunge.

Limebaki moja. Tuna mwalimu mzee, mwenye heshima kubwa, amefundisha hapa kabla mimi sijazaliwa. Alipoona yeye ni Mchangiaji nami ni Msimamizi, aliuliza mbele ya wote kama sasa anahitaji kibali changu kufanya kazi. Mkuu wa idara, ili kutuliza, anasema wote wawe Wasimamizi. Nifanyeje? Sitaki kumvunjia mzee heshima, lakini pia sitaki kurudi tulikotoka.

---

Binti_wa_Jinja

Pole mwalimu. Mwendee mzee mwenyewe, ofisini kwake, usimwandikie imeili. Beba kompyuta. Mfungulie hati yake mwenyewe umwonyeshe kwamba anaandika, anahariri na anaongeza faili bila kukuuliza. Kisha mwonyeshe kitu kimoja tu asichoweza, yaani kufuta, na umweleze kwamba walimu wote wako hivyohivyo.

---

Mtunza_Rekodi

Vilevile umshauri mkuu wa idara kwamba hilo lisiwe uamuzi wako. Liandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha idara: usimamizi unashikwa na mkuu wa idara pamoja na mtunza faili, na mtunza faili anabadilika kila baada ya miaka miwili. Hapo mzee ataona ni zamu ya kazi. Nadhani pia ni vema yeye awe mtu wa tatu kwenye hifadhi ya mitihani, kama msahihishaji. Uzoefu wake unahitajika huko kuliko kwenye kufuta faili.

---

Mwalimu_wa_Elgon

Hilo la mitihani sikuwa nimelifikiria, na ndiye anayeifahamu kuliko sisi sote. Kikao ni Alhamisi. Naenda kwake kesho asubuhi kabla ya vipindi.