Yule fundi wa chini ya mwarobaini amegeuza mita ya Landrover yangu kisosi cha kachumbari

Wakuu, natetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Nimetoka pale sasa hivi. Yule fundi. Mnamjua, simtaji, nikimtaja atasema namharibia riziki. Yule wa "kesho saa nne" tangu enzi za chama kimoja.

Nina Landrover 109, Series III ya 1978, aliiacha marehemu mzee. Zile ambazo mita zilihamia mbele ya dereva, si za kabla yake ambazo zilikaa katikati. Mita kubwa mbili tu: ya spidi, na ile yenye mafuta na joto pamoja. Shida yangu ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi. Ya mafuta inasoma fulu tanki likiwa kavu, ya joto inapanda kwenye nyekundu wakati rejeta unaishika kwa mkono. Basi. Nikaacha gari na elfu themanini na tano ya kuanzia.

Leo mchana nafika. Kakaa kwenye ndoo ya rangi, chipsi mkononi. Kachumbari iko wapi? Kachumbari iko kwenye KIOO CHA MITA YANGU YA SPIDI. Kaizungusha ringi mpaka ikaachia, kioo kikatoka nayo, na hiyo ringi ndiyo imekuwa ukingo wa sahani. Nyanya, kitunguu, maji ya ndimu yanazunguka mle ndani. Ananiangalia, anasema, "Karibu bosi."

KARIBU BOSI! Kwenye kioo changu!

Mengine hata sijui nianzie wapi. Dashibodi kaing'oa betri ikiwa imefungwa, kijana wake ananisimulia moshi ulivyotoka huku anacheka. Waya kazifunga kwa rambo, mifuko iliyopigwa marufuku 2019, sijui kaihifadhi kwenye maghala gani. Mshale wa spidi kauchomoa akaurudisha anapojua yeye, sasa gari imepaki inasoma 40. Trafiki akinipiga tochi nimwambieje? Skurubu tatu zimebaki mkononi mwake, anasema kiwanda huwa kinaweka za ziada.

Lakini yote hayo ningesamehe. Ile kachumbari, wakuu. Na alikuwa anachovya.

Kijiti_Kavu: Nimeshika siti ya mbele. Na chipsi zangu.

MamaWawili: Pole kaka. Ila swali dogo, pilipili ilikuwepo?

Mwenye109: Ilikuwepo dada. Mbegu moja imeganda kwenye ringi mpaka sasa naiona.

Umeme_wa_Gari: Mleta mada, tuache masihara. Geji mbili zikipanda juu kwa pamoja, mbovu si geji. Nyuma ya ile dashibodi kuna kidude kama kiberiti, stabilaiza. Kazi yake kuzishushia geji umeme mpaka volti 10 hivi. Ikikosa eathi, yaani isipogusa bodi vizuri, inaachia 12 zote zinapita, ndiyo unaona fulu na nyekundu. Ungekwangua kutu pale inapogusa bodi, ukakaza skurubu moja, umemaliza. Mita ya spidi haihusiki hata kidogo, ile inazungushwa na kebo kutoka gia boksi.

Mwenye109: NILIMWAMBIA! Akaniuliza, "Kati yetu fundi nani?" Halafu akafungua ya spidi. Ya spidi ilikuwa nzima! Aliifungua ya nini kama si kutafuta sahani?

Bwana_Tandu: Chai hii. Kioo cha mita kinabeba kachumbari ya kumtosha mtu mzima?

Mwenye109: Mkuu, alikuwa anajaza mara ya pili.

Kijiti_Kavu: 😂😂😂 Mara ya pili! Huyo namjua. Mimi alinirudishia gari honi inalia nikikata kona kulia. Kushoto kimya.

Mzee_wa_504: Ndiyo shida ya kupanda makopo ya Mwingereza. Peugeot 504 ilichukua mbio za Safari Rally 1975, ikarudi 1978. Landrover yenu ilichukua nini?

Mwenye109: Ilichukua kachumbari. Mzee, leo usinianze.

KobeLaBuluu: Nyie mna nafuu. Mimi nina Vokswageni kobe. Fundi, simtaji, kanitoza elfu arobaini ya "geji ya joto, imekufa". Nikalipa. Nimefika nyumbani shemeji ananiuliza geji ya joto ya maji gani, kobe linapozwa kwa upepo, hata rejeta halina. Nimelipia maziko ya kitu ambacho hakijawahi kuzaliwa.

MamaWawili: 🤣 Kaka KobeLaBuluu umeshinda uzi.

Mwenye109: Pole ndugu, lakini yako haikuliwa chipsi.

Bwana_Tandu: Afadhali mafundi magari. Fundi cherehani wangu kanipa suti ya harusi asubuhi ya harusi, mkono mmoja umeishia kwenye kiwiko. Nimepiga picha zote nimekunja mkono mgongoni kama mkuu wa mkoa anakagua mradi.

Kijiti_Kavu: Weka picha.

MamaWawili: Weka picha. Mimi gauni la kitchen party nililetewa na zipu mbili, hakuna inayofunguka. Usiku ilibidi nikatiwe gauni kwa mkasi.

Mzee_wa_504: Huyo cherehani ni yule wa ghorofani, mwenye tepu shingoni ila anapima kwa macho?

Bwana_Tandu: Huyo huyo! Kakula na cha kwako?

Mzee_wa_504: Kaunda suti. Mifuko minne kaishona yote upande mmoja.

Umeme_wa_Gari: Mleta mada, ukifika nyumbani toa terminali ya betri kwanza kabla hujagusa zile waya za rambo. Na mshale usiulazimishe. Umenisoma?

KobeLaBuluu: Mifuko minne upande mmoja! Mzee ulikuwa unatembea umeinama?

Umeme_wa_Gari: Mleta mada?

Mwenye109: Nipo mkuu. Ngoja kwanza. Bwana Tandu, huyo cherehani ni huyu aliye juu ya duka la nguo za watoto? Maana nina kitambaa cha suruali pale tangu mwezi wa tatu.