Mrejesho: maji ya jikoni kunuka sabuni

Assalam alaykum. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini mfereji wetu wa jikoni, hapa Mwanakwerekwe, unatoa povu la sabuni kila maji yanaporudi baada ya kukatika. Wengi mlisema tangi chafu. Nimelisafisha, wapi!

Aliyepatia ni yule aliyeuliza, "Mpira wa maji wa juu mnauacha wapi?" Kumbe umezama ndani ya pipa la kufulia ghorofani, mfereji wazi, tunasubiri maji ya usiku. Presha ikishuka, mtu akifungua jikoni chini, mpira unanyonya maji ya pipa kurudi bombani. Fundi alitia bluu ya kufulia pipani, akaniita jikoni. Maji yakatoka rangi ya samawati. Nilikaa kimya.

Sasa mdomo wa mpira tumeuning'iniza juu ya ukingo wa pipa: nafasi kati yake na ukingo ni mara mbili ya upana wa bomba, isipungue inchi 1. Valvu ya kuzuia maji kurudi pia fundi kaweka, ila kasema mchanga huikwamisha, nisiitegemee peke yake.

Mabomba tumeyafungulia mpaka yakasafika. Bi mkubwa bado anachemsha ya kunywa, na simlaumu.