Ushauri: natia sauti sinema ya Westerplatte, nifuate filamu au historia?

Sauti_ya_Meru: Wakuu, heshima kwenu. Natia sauti ya Kiswahili sinema moja ya zamani, ya 1967, Wapolandi wanajihami dhidi ya Wajerumani kwenye rasi ya Westerplatte, Danzig (leo Gdańsk), mwaka 1939. Kuna mahali filamu inasema hivi, historia inasema vile. Mfano farasi wanawarukia vifaru, damu nyekundu imetapakaa mchangani, halafu nasoma kwamba haikuwa hivyo. Nifuate ipi? Onyesho ni Jumamosi na usingizi umekata. Matusi wekeni akiba.

Nahodha_Mkavu: Kwanza ijue meli. Schleswig-Holstein, iliyoipiga Westerplatte, ilikuwa manowari kuukuu ya Kijerumani, iliingia kazini 1908, mizinga yake mikubwa minne ya milimita 280. Ilifika Danzig mwishoni mwa Agosti 1939 kwa kisingizio cha kuwakumbuka mabaharia wa Kijerumani waliokufa 1914, huku tumboni imeficha kikosi cha kushambulia. Ilipofyatua ilikuwa mita mia chache tu kutoka rasi ya Westerplatte. Kwa hiyo ukiweka mlio wa mzinga, ondoa ule mluzi mrefu wa kombora. Kwa umbali ule mlio na mlipuko vinafuatana kama makofi mawili.

Sauti_ya_Meru: Asante mkuu, ila sikuuliza meli.

Mzee_wa_Dira: Saa ya kuanza umeisomaje?

Sauti_ya_Meru: Kama ilivyoandikwa, 4:45. Saa nne na dakika arobaini na tano.

Mzee_wa_Dira: Nilijua. Hiyo ni saa ya Kizungu. Kwetu ni saa kumi na moja kasorobo alfajiri, na ukitaka ukali zaidi, mzinga wa kwanza ulilia dakika mbili tatu baadaye. Saa nne na robo asubuhi, kwa saa zetu, ndipo Wapolandi walipopandisha bendera nyeupe, tarehe 7 Septemba. Wewe umeanzisha vita karibu na saa vilipoishia.

Idadi nayo. Askari wa Kipolandi walikuwa kama 200. Silaha nzito: mzinga mmoja wa milimita 75, miwili ya 37 ya kupigia vifaru, mota nne za 81, yaani mizinga mifupi ya kurusha makombora juu. Amri yao ilikuwa kushikilia saa 12, wakashikilia siku saba. Waliokufa upande wao hawakufika 20, kwa hiyo usimalize kila mtu kwenye maikrofoni.

Kasuku_wa_Kona: Wajerumani wameamka saa nne, wamepata chapati na maharage, ndipo wakakumbuka kuna vita 😂

Shangazi_Rehema: Mwanangu, nani watakaa kwenye hayo mabenchi Jumamosi? Umeeleza sinema, watu hujawataja.

Sauti_ya_Meru: Watu tu wa kawaida, shangazi.

Shangazi_Rehema: Watu wa kawaida hawamkoseshi mtu usingizi.

Sauti_ya_Meru: Haya. Kuna wageni. Wajukuu wa wale wakimbizi wa Kipolandi waliowekwa Tengeru, karibu na Arusha, wakati wa vita wanakuja kuzuru makaburi, na jioni watakaa na wanakijiji kuangalia. Mwisho nimeshaurekodi: Meja Sucharski, kamanda wa Wapolandi, anapiga risasi ya mwisho, anaanguka na bendera mkononi, kisha nasema watetezi waliobaki wakaletwa Tengeru na familia zao. Ubaya uko wapi? Watu wanataka shujaa. Nani atakaa kwenye benchi la mbao kumtazama meja anayesalimu amri?

Mzee_wa_Dira: Ubaya uko mara mbili. Henryk Sucharski hakufia Westerplatte. Alitoka mzima, jenerali Mjerumani Eberhardt akamwachia upanga wake kwa heshima, akafa Naples mwaka 1946 kwa maradhi. Mvutano wenyewe uko kwingine. Tarehe 2 Septemba Stuka, ndege za Kijerumani za kudondosha mabomu, zilishambulia, nyumba ya walinzi namba 5 ikawafukia waliokuwa ndani, mota zikaharibika. Wapo wanahistoria wanaosema meja alitaka kusalimu amri siku ile ile, na msaidizi wake, Kapteni Franciszek Dąbrowski, ndiye aliyeendeleza mapigano. Wengine wanapinga. Una meja aliyechoka na kapteni anayekataa ndani ya handaki moja, halafu unakwenda kubuni risasi ya mwisho!

La pili ni zito zaidi. Watu wa Tengeru walitoka mashariki ya Polandi. Wasovieti waliingia huko tarehe 17 Septemba, siku kumi baada ya Westerplatte kwisha, na mwaka 1940 na 1941 wakazihamisha familia kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan. Zikatoka kupitia Iran, zikafika Tanganyika kuanzia 1942. Tengeru peke yake ilikuwa na watu kama 5,000, wengi wanawake na watoto. Waliosalimu amri Westerplatte walipelekwa kambi za mateka za Wajerumani.

Shangazi_Rehema: Mtu amesafiri kuja kuona kaburi la bibi yake, unampa bibi mwingine. Futa.

Jicho_la_Tatu: Jamani mnamjibu nani? Hii ni chai. Amesema filamu ya 1967, ile ya Stanisław Różewicz. Ile ni nyeusi na nyeupe. Damu nyekundu ameionea wapi? Na farasi wa kushambulia vifaru wanatafuta nini kwenye rasi ya bohari ya jeshi? Hana filamu, hana wageni, hana Jumamosi.

Kasuku_wa_Kona: Na haina hata tangawizi.

Nahodha_Mkavu: Mimi nilishashtuka alipokataa meli.

Sauti_ya_Meru: Filamu ninazo. Sikusema kwa sababu nilijua mtanirukia. Nimeunganisha. Mwanzo ni ya 1967, milipuko na damu nimechukua ya rangi ya 2013, ya Paweł Chochlew. Farasi ni wa Lotna ya Andrzej Wajda, 1959, pale upanga unapogonga mtutu wa kifaru. Kwato nimegonga mwenyewe kwa vifuu vya nazi, usiku mzima, na siziondoi.

Jicho_la_Tatu: Kwenye vifuu nimeamini. Hilo mtu habuni.

Mzee_wa_Dira: Sasa tunaelewana. Upanga kwenye mtutu ondoa. Hadithi ile ilikua baada ya mapigano ya Krojanty, Polandi, tarehe 1 Septemba. Wapanda farasi wa Kipolandi wa rejimenti ya 18 waliwavamia askari wa miguu wa Kijerumani, si vifaru, wakawatawanya. Kisha magari ya deraya yakatokea na kuwamiminia rashasha, kamanda wao Kanali Mastalerz akafa hapo. Baadaye waandishi wa Kiitalia walionyeshwa mizoga na kuambiwa walikimbilia vifaru kwa mikuki. Propaganda ya Ujerumani ikaibeba.

Kazi halisi ya farasi ilikuwa kumfikisha askari, kisha anashuka na kupigana kwa miguu. Siku hiyo hiyo kule Mokra, brigedi ya farasi ya Wołyń, ya Kipolandi, iliizuia divisheni ya 4 ya vifaru vya Kijerumani kwa mizinga ya Bofors ya milimita 37, bunduki za kutobolea vifaru na treni ya deraya.

Rekodi upya sehemu tatu tu: saa, kifo cha meja, na Tengeru. Picha za 2013 ziache, ila sema wazi kwamba umebadilisha filamu.

Sauti_ya_Meru: Na kwato?

Mzee_wa_Dira: Zihamishie Mokra, chini ya maneno ya kuwasili. Na punguza kasi. Farasi anayevuta mzinga hakimbii hivyo.