Nimeitwa Kamati ya Mawakili, mteja kanishtaki. Naombeni ushauri

Njiapanda: Wakuu, salaam. Mimi ni wakili, kazi zangu nyingi ni alama za biashara pale BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mteja wangu, mzee wa mashine ya sembe, alama yake haikuhuishwa, miaka 10 ikaisha. Kanipeleka Kamati ya Mawakili, ile ya nidhamu yetu, wito nimeupata juzi. Nawaza nimrudishie pesa zake afute malalamiko. Usingizi sina.

Bi Mkubwa Tanga: Pole mwanangu. Mimi wakili alikaa na hati ya kiwanja changu miaka minne, kila nikipiga simu, "mama, kesho." Mrudishie mzee haki yake.

Shuka Mnazini: Mkuu, pale anakaa Jaji wa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali au anayemwakilisha, na wakili mwenzetu kutoka chama chetu cha mawakili, TLS. Mzee kaleta hati ya kiapo, nawe utajibu kwa kiapo. Malalamiko hayafutwi bila ridhaa ya Kamati. Usipotokea, watasikiliza upande mmoja. Unaweza kupewa onyo, kusimamishwa, au jina kufutwa kabisa kwenye orodha ya mawakili. Rufaa ni Mahakama Kuu. Wakili Fatma Karume, Kamati ilimfuta 2020, Mahakama Kuu ikatengua 2021.

Kipepeo77: Hii chai. Usajili wa kwanza Tanzania ni miaka 7, wakili wa alama atasemaje 10?

Bi Mkubwa Tanga: Kumbe tunadanganywa? Nami nimeshamwombea dua!

Njiapanda: Si chai. Ilisajiliwa 2007, nikaihuisha 2014, hapo ndipo unapata 10. Iliisha 2024.

Kipepeo77: Basi faili ulikuwa nalo. 2024 mzee alilipa au hakulipa?

Njiapanda: Alilipa.

Shuka Mnazini: Ukamwambia nini?

Njiapanda: Nilimwandikia barua kwamba imeshahuishwa. Ina mhuri wangu. Mke wangu alikuwa amelazwa, pesa ikaenda huko, nikijua mwezi ujao nalipia. Sikukusudia kuiba.

Kipepeo77: Nakuamini sasa. Ila hiyo barua ndiyo kesi yenyewe. Kuchelewa kunasameheka, barua ya uongo ni ngumu.

Mzalendo Mbagala: Mawakili wote ndivyo mlivyo. Mche Mungu.

Shuka Mnazini: Kuna mtu kaomba hiyo alama?

Njiapanda: Ndiyo. Picha ya kinu na mchi kama ya mzee, rangi tu ndiyo tofauti. Imetangazwa kwenye jarida la alama za biashara wiki tatu zilizopita. Mzee hajui.

Shuka Mnazini: Ndugu yangu! Pingamizi ni siku 60 tangu kutangazwa. Mwambie leo, atafute wakili mwingine, faili umkabidhi lote. Kiapo chako utaandika baadaye.

Njiapanda: Nikimwambia nitakuwa nimejimaliza.

Bi Mkubwa Tanga: Mwanangu, huyo mzee magunia yake yana picha hiyo. Ataamka akute ni ya mtu mwingine?

Njiapanda: Nimempigia. Amenyamaza muda mrefu, kisha akauliza zimebaki siku ngapi. Kesho asubuhi nampelekea faili mashineni.