Bunduki moja kwa shabaha ya mbali na kwa mawindo: .308, 6.5 Creedmoor au .30-06?

Mkazi wa Mbezi

Ndugu zangu, salaam. Nimekuwa nikipiga shabaha kwa bunduki ndogo ya .22 kwa miaka minne, na kwa umbali wa mita 50 sasa naridhika na matundu ninayoyaona kwenye karatasi. Nimeanza kufuatilia taratibu za kumiliki bunduki kubwa zaidi, na kwa kuwa najua jinsi maombi ya silaha yanavyochukua muda, kuanzia serikali ya mtaa hadi polisi wa wilaya, sipendi kuyapitia mara mbili. Nataka bunduki moja itakayonifaa kwa kazi mbili: kupiga shabaha ya mita 300 hadi 600 kila ninapopata uwanja, na kwenda porini kwa kibali mara moja au mbili kwa mwaka kuwinda swala pala, ngiri, kongoni na, Mungu akijalia, pofu.

Nimesoma mengi hadi yamenichanganya. Wapo wanaosema risasi aina ya .308 Winchester imepitwa na wakati na kwamba mtu mwenye akili leo ananunua 6.5 Creedmoor. Rafiki yangu mmoja anashikilia .300 Winchester Magnum kwa hoja kwamba mwenye nguvu nyingi anaweza kuzipunguza, ila mwenye chache hana pa kuziongeza. Mjomba wangu, aliyekuwa askari wa wanyamapori, anataja .30-06 na hataki kusikia nyingine. Mimi nina kilo 68, bega langu si la mpagazi wa Kariakoo, na mfuko wangu una mipaka. Naishi karibu na bahari, jambo ambalo sijui kama linahusika. Naomba mawazo ya waliokwisha kuzitumia bunduki hizi, si ya waliozisoma tu kama mimi.

Fundi Mitutu

Ndugu Mkazi wa Mbezi, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja wanyama, umbali na uzito wako. Wengi hutaja jina la risasi tu kisha wakataka tuwachagulie.

Tuanze na karatasi. Ukisawazisha darubini ili risasi igonge unapolenga kwa mita 100, risasi ya .308 yenye kichwa (kile kipande kinachoruka) cha gramu 11.3, ambacho kwenye pakiti utakiona kimeandikwa greini 175, itakuwa imeshuka takriban mita 2 itakapofika mita 500. Ile ya 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha gramu 9.1 itakuwa imeshuka kama mita 1.7. Tofauti hiyo ya mteremko haina uzito mkubwa, kwa kuwa mteremko unahesabika: ukiujua umbali, unazungusha kirungu cha darubini, kile kitufe cha kurekebishia shabaha, na mambo yamekwisha. Kinachowatenganisha wapigaji ni upepo, ambao hauna kipimo kilichosimama mahali pamoja, na hapo kichwa chembamba na kirefu cha 6.5 husukumwa pembeni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko cha .308. Kwa hiyo wanaoisifu Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007 ikiwa imebuniwa makusudi kwa shabaha ya mbali, hawasemi uongo.

Sasa twende porini. Risasi yoyote kati ya hizi huchukua takriban robo tatu ya sekunde kufika mita 500. Swala pala anayekula majani hupiga hatua moja ndani ya muda huo bila kukusikia, na hatua hiyo moja inatosha kuhamisha tundu kutoka kwenye moyo hadi kwenye utumbo. Ongeza kwamba bunduki inayokusanya risasi zake ndani ya sentimita 3 kwa mita 100 itazikusanya, hali ya hewa ikiwa shwari kabisa, ndani ya sentimita 15 kwa mita 500, na sehemu ya kufisha ya swala pala haizidi hapo kwa kiasi cha maana. Karatasi ikikosewa haiumii. Mimi kwa mnyama sivuki mita 250, na bunduki yangu inaweza kufika mbali zaidi kuliko ninavyoiruhusu.

Kwa hiyo mbio za ubora wa kilometa moja hazikuhusu unapokuwa kwenye mawindo, na kwenye shabaha ya mita 600 .308 bado ni mwalimu mzuri sana. Ipo tangu mwaka 1952, na hadi leo mashindano ya bunduki kubwa ya mtindo wa Uingereza hupigwa kwayo hadi yadi 1,000. Mtutu wake huweza kupita risasi 5,000 kabla usahihi haujashuka kwa kuonekana, ilhali wa 6.5 Creedmoor huanza kuchoka kati ya 2,000 na 3,000, na wa .300 Winchester Magnum mapema zaidi, kwa sababu baruti nyingi inapita kwenye tundu dogo na kuichoma koo ya mtutu. Kwa mtu asiyetaka kuanza upya na makaratasi ya silaha, hilo ni jambo la kufikiriwa.

Kuhusu .300 Magnum ya rafiki yako, ni risasi nzuri tangu mwaka 1963, lakini teke lake ni kubwa kiasi kwamba mtu wa kilo 68 hufumba macho kabla ya kufyatua, na ugonjwa huo ukishaingia hautoki haraka.

Upepo wa Kusi

Nakubaliana na Fundi Mitutu karibu katika kila kitu, ila nadhani ameipunguzia Creedmoor haki yake kwenye teke. Bunduki isiyorusha mdomo juu humwezesha mpigaji kuiona risasi yake ikitua ndani ya darubini, na mpigaji anayeona alipokosea hujirekebisha kwa risasi ya pili badala ya kumuuliza jirani. Nilijifunza zaidi kusoma upepo kwa miezi mitatu ya 6.5 kuliko nilivyojifunza kwa miaka miwili ya .308. Wakati wa kusi, vumbi na mvuke wa joto unaocheza mbele ya darubini hukuonyesha upepo unakoelekea, mradi uwe umetulia kuutazama.

Tena vichwa vya milimita 6.5 si ugeni wa juzi. Risasi ya Kiswidi ya 6.5x55 ipo tangu miaka ya 1890 na imewaangusha wanyama wakubwa kama yule kulungu mkubwa wa Skandinavia aitwaye moose, kwa hiyo kongoni si tatizo ukitumia kichwa cha kuwindia na kuweka mahali pake.

Onyo langu ni moja, na ni la Kitanzania kabisa. Kabla hujaipenda risasi yoyote, nenda kwa muuzaji mwenye leseni, uliza ana pakiti ngapi na za uzito gani, kisha rudi baada ya mwezi uulize tena, na mwezi wa tatu vilevile. Mimi niliwahi kukaa karibu msimu mzima nikiwa na bunduki nzuri ya 6.5 ukutani na risasi tisa kwenye kasha, huku wenzangu wa .308 na .30-06 wakiendelea na mazoezi yao na kunipa pole.

Babu wa Kilombero

Wajukuu, nimewasoma kwa utulivu. Fundi Mitutu amesema neno la umbali na sitalirudia, ila nitaongeza kwamba msitu wetu wa miombo mara nyingi hauruhusu kuona mnyama vizuri kupita mita 150, na uwazi unapopatikana, kama mbuga ya kando ya mto wakati wa kiangazi, mwindaji anayejua kazi husogea. Sheria nayo inakukataza kufyatua ukiwa ndani ya gari au ndani ya mita 200 kutoka kwenye gari, hivyo kutembea utatembea tu. Bunduki ya shabaha yenye mtutu mzito na darubini kubwa inaweza kufika kilo 6 au zaidi. Ibebe kuanzia alfajiri hadi saa tano kwenye jua la mwezi wa Septemba, kisha uniambie kama bado unaipenda. Ukitaka moja kwa kazi mbili, chukua ya bolti, yaani ya kukokwa kwa mkono kila risasi, yenye mtutu wa unene wa wastani, isiyozidi kilo nne na nusu pamoja na darubini. Zile zinazojipakia zenyewe usizifikirie, kwani kwenye uwindaji haziruhusiwi.

Mjomba wako hajakosea. Risasi ya .30-06 ilizaliwa jeshini Marekani mwaka 1906 na sababu ya kudumu kwake ni pofu wako huyo. Dume la pofu linaweza kuzidi kilo 700, na hapo napenda kichwa cha gramu 11.7 au 14.3 kilichoundwa kupenya, ambacho ganda refu la .30-06 hukisukuma kwa raha kuliko ganda fupi la .308. Kwa swala pala na ngiri sitabishana na mtu yeyote, zote zinatosha. Kwa pofu ukiwa na .308, sogea hadi mita 100, subiri akupe ubavu, na usijaribu risasi ya pembeni kwa nyuma.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni kichwa chenyewe. Vile vya mashindano, ambavyo vina tundu dogo puani na ngozi nyembamba ya shaba, viliundwa kutoboa karatasi mahali pamoja. Kwenye mwili wa mnyama vingine hupita kama sindano na vingine hupasuka kwenye bega bila kufika ndani. Porini tumia vya kuwindia, ama vyenye madini ya risasi yaliyogandishwa na ngozi yake, ama vya shaba tupu. Na kwa kuwa kila aina hutua mahali pake, usisawazishe darubini kwa pakiti ya mashindano kisha ukaondoka Ijumaa kwenda Rufiji na pakiti nyingine. Nimeona kijana akimkosa kongoni mita 90 kwa sababu hiyo, na akailaumu darubini hadi tulipofika nyumbani.

Mwisho, kuhusu nyati, ambaye hukumtaja lakini najua utamtaja mwaka wa pili. Kanuni zetu zinadai kaliba, yaani kipenyo cha mtutu, isiyopungua .375 kwa nyati na tembo. Utasikia habari za yule mwindaji Bell wa enzi za ukoloni aliyeangusha mamia ya tembo kwa bunduki ya milimita 7. Ni kweli, lakini alikuwa mtu aliyepasua mafuvu ya tembo kujifunza ubongo unakaa wapi, na hata hivyo sheria ya leo isingemruhusu. Ukimtaka nyati, siku hiyo omba .375 H&H (Holland & Holland), risasi iliyokuwapo tangu mwaka 1912, na uiache bunduki hii ya sasa iwe bunduki ya swala.

Mkazi wa Mbezi

Shikamoo Babu, na asanteni nyote. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nachagua risasi, kumbe nilikuwa nachagua umbali. Naelekea kwenye .308 ya bolti, mtutu wa wastani, kwa sababu ya upatikanaji wa risasi na bega langu. Pofu nitamsogelea kama nilivyoelekezwa au nitamwacha. Mambo mawili yamebaki. Darubini niipe sehemu gani ya bajeti? Na lile la bahari halijajibiwa.

Fundi Mitutu

Marahaba kwa niaba ya Babu, maana anajibu taratibu. Darubini ipe fedha zinazokaribia za bunduki yenyewe, hata kama itabidi ununue bunduki isiyo na nakshi. Kwa kazi zako ukuzaji wa mara 4 hadi 16 unatosha. Porini iache kwenye 4, la sivyo utamtafuta ngiri kwenye majani na kuona manyoya tu. Hakikisha vipimo vya ndani na vya virungu ni vya lugha moja. Kama nyaya za ndani zimegawanywa kwa mili, ambayo ni kipimo cha pembe, basi kila mdundo wa kirungu uwe sehemu ya kumi ya mili, yaani sentimita 1 kwa mita 100, ili ukiona umekosea kwa mili moja na nusu uzungushe midundo kumi na mitano bila kupiga hesabu.

Bahari inahusika kwa njia mbili. Hewa ya Dar es Salaam ni nzito kuliko ya nyanda za juu, hivyo ukisawazisha hapa kisha ukapiga shabaha ya mita 600 ukiwa Iringa, risasi itatua juu ya ulivyotarajia. Kwa mawindo ya mita 150 hutaona tofauti. La pili ni kutu, nalo ndilo linaloua bunduki za Mbezi. Ukimudu, chukua mtutu wa chuma kisichoshika kutu na kitako cha nailoni badala ya mbao, kwa kuwa mbao hunywa unyevu wa masika na kuusukuma mtutu pembeni. Usiihifadhi ndani ya mkoba wa sponji, kwani sponji hushika chumvi na jasho. Iweke wazi ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine, na uipitishie kitambaa chenye mafuta mepesi kila wiki hata kama hujaigusa. Siku ya kwenda uwanjani, futa mafuta yote ndani ya mtutu kabla ya risasi ya kwanza, maana mtutu wenye mafuta huitupa risasi ya kwanza mahali pake peke yake, na kwa mwindaji ya kwanza ndiyo yenye kazi.