Mjadala: Dodoma itafute miji rafiki ng'ambo, au tumalize ya nyumbani kwanza?

Mwanzisha mada

Mbukwenyi wana Dodoma. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: jiji letu lishirikiane na miji ya nje, ila tuchague wenye shida kama yetu, tusikimbilie wenye majina makubwa.

Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956. Ya 2022 ikatukuta 765,179. Mvua haikuongezeka hata tone. Bado ni ya msimu mmoja, na tegemeo letu kubwa ni visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Maji ya ardhini hayo. Tukiyavuta kuliko yanavyorudi, tutachimba mpaka lini?

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ni mkame kuliko sisi. Tangu 1968 wanasafisha majitaka mpaka yanakuwa ya kunywa na kuyachanganya kwenye mtandao wa mji. Tena wamejifunza kurudisha maji safi ardhini, ndani ya miamba, ili yawafae wakati wa ukame. Sisemi tuanze kesho kunywa maji ya mabwawa ya majitaka ya Swaswa. Nasema mafundi wetu wakakae nao, washike mitambo, waulize gharama ya umeme, waulize wananchi wa kule walikubalije. Hayo huyapati kwenye semina ya siku mbili hotelini.

Mkazi wa Nkuhungu

Napinga, na sipingi kwa chuki. Njoo huku mvua ikinyesha. Kalavati limejaa mchanga mpaka mdomoni, chupa na mifuko vimeziba kilichobaki, maji yanakata njia yake uani kwa watu. Magodoro tunapandisha juu ya meza. Kuzibua kalavati kunahitaji sepeto na bajeti. Mtaalamu kutoka nje anakuja kutufundisha nini hapo?

Halafu ushauri wa nje hatukuukosa. Mpango mkuu wa kujenga Dodoma wa 1976 ulichorwa na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates. Ulimtanguliza mtembea kwa miguu na basi. Leo tembea kutoka Nzuguni uje mjini, uone aliyetangulizwa ni nani. Tulichokosa ni kufuatilia tulichoandikiwa.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, la kalavati nakubaliana nawe moja kwa moja, na litengewe fedha hata kama hatuna rafiki yeyote duniani. Lakini ile ya 1976 ilikuwa kazi ya kukodi: mchoraji anachora, analipwa, anaondoka. Urafiki wa miji ni watu wa halmashauri mbili kufanya kazi moja miaka mingi. Mwanza wako na Würzburg ya Ujerumani tangu 1966, na Tampere ya Finland tangu 1988. Dar es Salaam na Hamburg walitiliana saini 2010, na matunda yake moja ni kiwanda cha mboji pale Mabwepande, Kinondoni, kinachopokea taka za sokoni zinazooza. Hicho kitu kipo, unakwenda unakiona. Masoko yetu ya Majengo na Job Ndugai yanatoa taka za aina hiyohiyo, nazo zinapakiwa kwenda dampo la Chidaya.

Fundi bomba, Ipagala

Mimi naunga mkono, kwa sharti moja. Waende mafundi. Diwani akienda, akirudi muda wake umeisha anaondoka na alichojifunza. Fundi anabaki kwenye pampu.

Mkulima wa mboga, Swaswa

Huku wengine tunamwagilia maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka. Kiangazi hakuna mengine. Kama kuna mji umejua kuyasafisha yafae mchicha bila kumdhuru mlaji, nataka huyo mtu aje shambani hata kesho. Sisi ndio tunaoulizwa na wateja, na jibu hatuna.

Mkazi wa Nkuhungu

Mama wa Swaswa umenigusa, hilo lako lina maana. Basi nami nitoe langu. Mkataba wowote na mji wa nje usomwe kwenye mkutano wa mtaa kwa Kiswahili: nani anakwenda, nani analipa, kitajengwa nini na kitaendeshwa kwa fedha ipi wakishaondoka. Na mfuko wa mitaro usiguswe kulipia safari hizo. Ukisomwa hivyo, nanyoosha mkono. Ukifichwa, mniandike nimepinga.